Tuni yetu ya Pasaka: ni kweli Handel aliitunga kumsifu mchinjaji?

SautiYaPili_Machame

Bwana Yesu asifiwe, na salamu kwa wote mlio nje ya dhehebu letu.

Nafundisha kwaya ya usharika mmoja huku Machame, mwaka wa saba sasa. Sikusomea muziki. Nilikabidhiwa kwaya baada ya mwalimu wetu kufariki, pamoja na kauntabuku lake lenye nyimbo mia na kitu, sol-fa kwa wino wa bluu, maneno kwa wino mwekundu. Mwenyewe alitafsiri maneno mengi. Ukurasa mmoja juu yake kaandika: "Handel. Pasaka tu." (Handel ndiye mtunzi wa muziki.) Ndio ile tuni inayoanza so, mi, fa, so, ambayo Wazungu wanaiimba kwa maneno ya utukufu wa Mfufuka. Kwetu hapa, Pasaka bila wimbo huo haijafika. Matarumbeta yakiuanza alfajiri, hata wazee waliolala wanaamka.

Jumanne kwenye mazoezi kijana wetu mmoja wa sauti ya tatu, yuko chuo, alisimama na simu mkononi. Akasema, "Mwalimu, muziki huu ulitungwa kumpongeza mkuu wa jeshi la Uingereza aliyeshinda vita Uskoti mwaka 1746, kisha akaamuru majeruhi wauawe. Walimwita Mchinjaji." Nikacheka nikidhani ni mambo ya mitandaoni. Akanipa simu nisome. Sikucheka tena.

Mama mmoja wa sauti ya kwanza, mtu ninayemheshimu sana, aliikunja karatasi yake mara nne, akaiweka ndani ya pochi. "Kama una damu, mimi mdomo wangu hautauimba." Mazoezi yakaishia hapo.

Zimebaki wiki tatu. Naomba wanaojua historia ya muziki huu waniambie: kijana kasema kweli au la? Na nyie mngekuwa mimi mngefanya nini?

MkenyaInverness

Pole sana Mwalimu. Mimi ni Mkenya wa Murang'a, niko Inverness mwaka wa tisa, ni muuguzi. Hiyo vita ilipiganwa kama kilomita nane kutoka ninapolala. Mahali panaitwa Culloden. Siku nikiwa na ofu na mvua haijakuja mimi huenda kutembea huko, kwa hivyo wacha nikuambie nilichokiona kwa macho.

Ni uwanda wa nyasi na vichaka, upepo hauishi. Kuna bendera nyekundu zimepangwa upande mmoja, hapo ndipo jeshi la serikali lilisimama, na bendera za buluu upande wa pili, wale waliomfuata Charles Edward Stuart aliyetaka kiti cha ufalme kirudi kwa ukoo wake. Ukisimama kati ya hizo bendera unaona vile ilikuwa karibu. Mtu alikuwa anamwona anayekuja kumuua uso kwa uso.

Hao watu wa Stuart walikuwa hawajalala. Usiku huo walikuwa wametembea gizani kwenda kuivamia kambi ya Dyuki wa Cumberland, ndiye huyo mkuu wa jeshi la serikali, karibu na Nairn, kwa maana tarehe 15 Aprili ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, alikuwa anatimiza miaka 25, na askari wake walikuwa wamepewa pombe. Kulikucha kabla hawajafika. Wakarudi njaa, miguu imeisha, na asubuhi ya tarehe 16 mizinga ikaanza. Haikumaliza saa moja. Upande wao walianguka kama 1,500 au zaidi. Upande wa Cumberland waliokufa ni kama 50.

Halafu ndio ikaja ile sehemu ambayo kijana wako alisoma. Majeruhi waliuawa pale walipolala. Majeshi yakapanda milimani, yakachoma nyumba, yakachukua ng'ombe. Bunge likapitisha sheria ya kukataza mavazi ya watu wa nyanda za juu, na ilikaa mpaka 1782.

Makaburi ni matuta marefu ya nyasi, kila tuta na jiwe lenye jina la ukoo. Jiwe moja limeandikwa tu kwamba hapo wamelala watu wa koo zilizochanganyika. Hapo mimi husimama sana. Cucu wangu, yaani nyanya, alichomewa nyumba wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni Waingereza huko Kenya, akahamishiwa kijiji chenye mtaro na miti iliyochongwa. Naelewa milima iliyochomwa ni nini.

Kwa hivyo uamuzi ni wako, lakini mtu asikuambie eti tuni ni tuni tu. Kuna watu huku mpaka leo hilo jina la Cumberland hawalitaji bila kukunja uso.

TarumbetaLaIringa

Mwalimu wa Machame, mimi ni mzee mstaafu. Nimepuliza tarumbeta kanisani miaka thelathini na sita na nimefundisha kwaya ishirini na mbili. Kitabu cha nota za *Judas Maccabaeus*, ile kazi ya Handel ambamo watu wengi huijua tuni yetu, ninacho hapa mezani, jalada limetoka, nimelishona kwa uzi wa viatu. Nimesoma swali lako mara mbili na nimesoma majibu ya binti yetu wa Inverness kwa uchungu. Niruhusu nieleze polepole, maana kijana wako amesema kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayokuhusu wewe.

Kwanza nusu ya kweli. Handel alikuwa Mjerumani wa Halle, akahamia London, akapewa uraia wa Uingereza 1727. Alikuwa karibu na jumba la kifalme. Maneno ya *Judas Maccabaeus* aliandika kasisi mmoja, Thomas Morell, na Morell mwenyewe alisema kazi ile ilikusudiwa kumpa heshima Cumberland, mwana wa Mfalme George II, akirudi kutoka Uskoti na ushindi. Akamwandikia na wakfu mbele ya kitabu cha maneno. Handel aliitunga kiangazi cha 1746, miezi michache tu baada ya Culloden, ikaimbwa mara ya kwanza Covent Garden tarehe 1 Aprili 1747. Hadithi ni ya Yuda Makabayo aliyewaongoza Wayahudi dhidi ya Antioko na kulitakasa Hekalu. (Sisi Walutheri Wamakabayo hawamo katika Biblia zetu nyingi. Nenda kwa jirani Mkatoliki akuazime, usome kitabu cha kwanza chote, usiku mmoja kinatosha.) Kwa hiyo katika fikra za wasikilizaji wa London, Yuda alikuwa Cumberland. Jambo hilo halina utetezi, na mimi silitetei.

Sasa nusu ya pili. Ukienda kuitafuta ile tuni katika *Judas Maccabaeus* kama ilivyoimbwa siku ile ya Aprili 1747, hutaikuta. Haikuwemo! Handel aliitunga kiangazi cha 1747, kwa ajili ya oratorio nyingine (yaani hadithi ndefu inayoimbwa na kwaya na vyombo), *Joshua*, iliyoimbwa mara ya kwanza Machi 1748. Fungua Yoshua 15. Kalebu anaahidi kwamba atakayeutwaa mji wa Kiriath-seferi atampa binti yake Aksa awe mkewe. Othnieli anautwaa. Anaporudi, watu wanatoka kumlaki, na hapo ndipo tuni yetu ilipozaliwa: kijana anarudi nyumbani kwa mchumba wake. Watu wakaipenda mno. Handel, ambaye hakuwa mtu wa kuacha kitu kizuri kikae sehemu moja, akaja kuichukua na kuiingiza katika *Judas Maccabaeus* kwa maonyesho ya baadaye, na huko ndiko ilikopata umaarufu hata watu wakasahau nyumba yake ya kwanza.

Sasa nataka uione ilivyojengwa, maana wengi wanaiimba kwa kupiga kelele kutoka mwanzo hadi mwisho na kuiharibu. Handel aliipanga kama maandamano yanayokaribia. Kwanza wanaimba vijana, sauti tatu za juu tu, na honi chini yao. Huyo mshindi bado yuko mbali, barabarani. Kisha wanaingia wasichana, sauti mbili peke yake, na filimbi. Ukisikia pale ni kama watu wamefika kwenye kona ya mji na mabinti wametoka na maua. Ni sauti mbili tu zinazotembea pamoja, hakuna besi, hakuna kitu cha kutisha. Halafu ndipo watu wote, sauti nne, vyombo vyote. Tuni ni ile ile mara tatu. Hakubadilisha karibu kitu ila idadi ya watu. Nimeifundisha mara nyingi na kila mara, besi wanapoingia mara ya tatu, nywele za mkono husimama.

Wewe umeisikia kwa tarumbeta alfajiri kwa nguvu zote, na ni halali, ni Pasaka. Lakini jaribu mara moja kuanza na watoto.

Na safari yake baada ya Handel uwaambie wanakwaya. Mwaka 1796 Beethoven aliigeuza kwa namna kumi na mbili, za kupigwa kwa cello na piano. Karibu mwaka 1820 Mjerumani Friedrich Heinrich Ranke akaitilia maneno ya Zekaria, "Furahi sana, Ee binti Sayuni," na Walutheri wa Ujerumani wanaiimba Majilio hadi leo. Mwaka 1884 mchungaji wa Uswisi, Edmond Budry wa Vevey, akaitilia maneno ya Kifaransa ya Mfufuka, na kutoka kwake ndipo Waingereza walipotafsiri ule wimbo ambao mwalimu wako marehemu naye aliutafsiri kwa wino mwekundu. Wayahudi nao wana maneno yao ya Kiebrania kwa tuni hiyo hiyo, wanaimba Hanuka, sikukuu ya kulitakasa Hekalu.

Ukitaka kuona muziki wa ushindi uliobaki na mshindi wake, uko. Mwaka 1743 Mfalme George II aliongoza jeshi mwenyewe huko Dettingen akawashinda Wafaransa, na huyo huyo Cumberland alikuwepo, akajeruhiwa mguu. Handel akatunga *Te Deum*, wimbo mkubwa wa kanisa wa shukrani, tarumbeta tupu na ngoma, ikaimbwa mbele ya mfalme Novemba ile. Ni kazi ya fundi, naiheshimu. Lakini katika miaka yangu yote sijasikia kwaya ya huku ikiiimba, wala mama akiivumisha anapochambua mchele. Tuni ya Othnieli nimeisikia hata kwa mpiga debe.

Kijana wako usimnyamazishe. Kasema jambo kubwa mbele ya watu wazima, na alilisoma kabla ya kulisema.

Mwana_Kivu

Salamu kutoka Bukavu. Nasoma nyie wote na mie nataka kusema jambo moja tu.

Huku kwetu ule wimbo ni "À toi la gloire, ô Ressuscité". Tunauimbaka Pasaka, ndiyo, lakini zaidi tunauimbaka ku mazishi. Baba yangu alifariki wakati wa vita, hatukuweza kumzika siku tatu sababu barabara ya kwenda makaburini ilifungwa. Siku ya nne tulitoka watu kumi na mmoja, pasta na sisi wa nyumba, wengine waliogopa. Hakukuwa ngoma, hakukuwa gitaa. Pasta alianza polepole sana, karibu kama kusema. Mama yangu akashika sauti ya pili. Mie nilikuwa na miaka kumi na minne, nilishika koleo, sikuimba, nilisikiliza tu.

Sikujua jina la Handel wala la ule mukubwa wa jeshi. Sasa najua. Nimewaza tangu jana usiku. Nasikia uchungu wa dada wa Inverness, ile ya watu kuuawa wamelala chini najua inafanana na nini. Lakini ule wimbo siku ile haukuwa wa mwenye kushinda vita. Pale makaburini hakukuwa mutu hata mmoja aliyeshinda kitu. Tulikuwa tunamwambia Yesu tu kwamba Yeye ndiye mwenye utukufu, hakuna mwingine mwenye bunduki.

Mwalimu wa Machame, wimbeni.

MkenyaInverness

Mwana_Kivu, pole kwa baba. Nimesoma hiyo yako nikiwa kwa basi na nikapita stesheni yangu.

Mzee wa Iringa, asante, hiyo ya *Joshua* sikuwa naijua kabisa na nimefurahi kuisikia. Lakini nitasimama hapa kidogo. Ukisema haikutungwa kwa Cumberland, sawa. Lakini ilihamishwa ikatiwa ndani ya kazi ya Cumberland na huyo aliyeitunga, mkono wake mwenyewe, akijua hiyo kazi ilikuwa ya kumsifu nani. Basi ilivalishwa sare. Hilo nalo liandikwe kwa hiyo kauntabuku, pale juu, karibu na "Pasaka tu".

TarumbetaLaIringa

Nakubali, binti yangu. Iandikwe. Na niongeze kitu nilichosahau: *Judas Maccabaeus* haianzi na ushindi. Inaanza na maombolezo, watu wanamlilia Matathia, baba yake Yuda, amekufa na nchi haina kiongozi. Na karibu na mwisho, baada ya makelele yote, kuna wimbo wa sauti mbili wa kuikaribisha amani na mavuno yake. Kama ningeambiwa nichague kurasa za kuokoa moto ukiwaka, ningechukua hizo mbili kabla ya zile za tarumbeta.

Mwalimu, swali lako la tatu hukuliuliza lakini nalijibu: ngoma. Ile kubwa iacheni nje kabisa mara mbili za kwanza. Mara ya tatu tia ngoma ndogo, kwa vijiti, taratibu, kama miguu ya watu wengi. Ngoma kubwa ikiingia mapema, inakuwa gwaride.

SautiYaPili_Machame

Shikamoo Mzee wa Iringa. Dada wa Inverness, kaka wa Bukavu, nawashukuru mno. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza tufanye mazoezi.

Jana nilianza kwa kusoma. Nilisoma maneno ya dada kuhusu mawe na matuta, yote, bila kuruka. Kisha Yoshua 15, kisha ya Mzee, kisha ya Bukavu. Ya Bukavu sikuimaliza. Kijana wetu wa sauti ya tatu alinipokea simu akamalizia yeye.

Tuliongea karibu saa nzima. Besi mmoja alisema asingeambiwa angeimba kwa raha zaidi. Mwingine alisema yeye sasa ndio anajua anaimba nini. Mama yangu wa sauti ya kwanza alisikiliza kila kitu, akasema amemwelewa yule mtoto mwenye koleo, lakini mwaka huu atakaa na washarika, ataimba kutoka kwenye benchi kama Roho akimruhusu. Nimemkubalia. Karatasi hakuirudisha, imo kwenye pochi bado.

Kwenye kauntabuku nimeandika, kwa wino wa kijani ili isichanganyike na mkono wa marehemu: *Yoshua, 1748. Baadaye ikatiwa katika Yuda Makabayo. Culloden, 16 Aprili 1746.*

Tumekubaliana kuanza na watoto kama Mzee alivyosema. Wako kumi na tisa, wa shule ya Jumapili, nao wameshaishika mstari wa kwanza kwa siku moja. Wasichana wanane ndio watakaoimba mara ya pili. Filimbi tumeazima mbili shule ya jirani. Moja ina ufa karibu na mdomo, tumeizungushia plasta. So inatoka safi kabisa. Fa bado inakwaruza, na binti anayeipuliza amekataa kabisa tumbadilishie, anasema ataizoea mpaka Alhamisi.